Ombi la mwenza Kanada: panga safari kabla ya fomu

Wengi wanaokuja kwenye dawati letu kutaka msaada wa kumdhamini mume au mke Kanada huanza na fomu: ipi ijazwe, ada ni kiasi gani, majibu hutoka baada ya miezi mingapi. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kipindi chote ombi likiwa linasubiri, nani ataishi wapi, na ni nani kati yenu anayeweza kulazimika kusafiri? Hilo likijulikana, hata fomu inakuwa rahisi kuichagua.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya wenza walio ndani ya Kanada, na sharti lake ni mwombaji kuishi nchini pamoja na mdhamini. Ya pili ni ile ya familia, ambayo pia huitwa njia ya nje kwa kuwa kwa kawaida hutumiwa na mwombaji aliye nje. Wasichokijua wengi ni kwamba hata aliyeko Toronto kwa viza ya matembezi anaruhusiwa kupitia hii ya pili. Tofauti huonekana siku ya safari. Aliyeomba kwa njia ya ndani akitoka nchini kisha akashindwa kurudi, ombi lake linaweza kukataliwa kwa sababu hawaishi tena pamoja Kanada. Na likikataliwa, hana rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Kinachobaki ni kuomba ruhusa Mahakama ya Shirikisho ipitie uamuzi huo. Kwa njia ya nje, mdhamini kwa kawaida ana haki ya kukata rufaa.

Kinachovuruga mipango kuliko vyote ni msiba. Tuseme mke yuko Edmonton, ombi la ndani limeshakaa miezi kadhaa, kibali cha kazi kimetoka. Usiku simu inaita kutoka Bujumbura: baba hatunaye. Kwetu hakuna anayeuliza kama mtoto atakwenda kumzika mzazi wake, ndugu huuliza tu anafika lini. Anakata tiketi akiamini kibali cha kazi kitamrudisha. Hakimrudishi. Kibali kile ni cha kufanya kazi akiwa ndani. Kupanda ndege ya kurudi kunataka viza, na raia wa Burundi, Rwanda, Kongo, Uganda, Kenya na Tanzania wote wanaihitaji. Kama ile aliyoingilia ilikuwa ya kuingia mara moja, imeshatumika. Itabidi aombe nyingine akiwa huko msibani, bila uhakika wa kuipata, na hata akiipata, wa kumruhusu kuingia ni afisa wa mpakani.

Kwa hiyo fungua pasipoti yako leo, hakujaharibika kitu, uisome ile viza: ni ya kuingia mara ngapi, na inaisha lini? Mwenye kibali halali cha kazi au cha masomo anaweza kuomba viza mpya akiwa humu humu Kanada, na hiyo ni afadhali mara mia kuliko kuiombea kilioni. Yule aliyeomba kuongezewa muda wa kibali cha kazi kabla ule wa awali haujaisha, naye bado hajajibiwa, ajihadhari zaidi. Akishatoka nje, ile ruhusa ya kuendelea na kazi wakati akisubiri jibu inakoma.

Mtu mwenye wazazi wazee nyumbani mimi humshauri njia ya nje, hata kama anaishi Kanada. Zamani sababu kubwa ya kuchagua njia ya ndani ilikuwa kibali cha kazi. Tangu Mei 2023 kibali hicho kimefunguliwa pia kwa waombaji wa njia ya familia wanaoishi nchini wakiwa na hadhi halali.

Aliyeko Mombasa au Kigoma anaweza kuomba viza ya matembezi aje kumwona mwenzake wakati ombi likiendelea. Sheria ya uhamiaji ya Kanada, kifungu cha 22(2), inasema nia ya kuhamia moja kwa moja haimzuii mtu kuingia kwa muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Usifiche kwamba una ombi. Uongo kwenye fomu unaweza kukufungia mlango miaka 5.

Mdhamini naye ana mipaka yake. Raia wa Kanada anaweza kuishi nje na mwenza wake, ila aonyeshe kwamba watarudi Kanada ombi likikubaliwa. Mkaazi wa kudumu ambaye si raia hana nafasi hiyo. Akiacha kazi Winnipeg akahamia Mwanza kwa mkewe hadi majibu yatoke, anaua ombi lake mwenyewe. Kwenda kumsalimia na kurudi hakuna ubaya.

Kuna jambo jingine ambalo huja kwetu likiwa limeshachelewa, nalo ni nikahi ya simu. Bwana yuko Ottawa, bibi yuko Zanzibar, walii na mashahidi wamekaa, ijabu na kabuli, yale maneno ya kuoza na kukubali, zinapita kwa video. Kidini wanaweza kuwa wameshaoana; kwa uhamiaji wa Kanada, tangu Juni 2015, ndoa ambayo mmoja hakuwapo kimwili haihesabiki katika udhamini, isipokuwa kwa baadhi ya wanajeshi wa Kanada. Waliokwisha kufunga hivyo wazungumze na mtaalamu wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote. Ipo pia njia ya kutambuliwa kama wenza walioishi pamoja mwaka mzima, lakini huo mwaka lazima uwe na ushahidi.

Maisha hayasimami kwa kuwa faili iko ofisini. Mwombaji akipata kazi Muscat au Doha akaondoka Dar es Salaam, ataarifu mabadiliko ya anwani, na ajue kwamba nchi yoyote aliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita inaweza kumfanya adaiwe hati ya polisi ya huko, ya kuonyesha kama ana rekodi ya uhalifu. Ichukue kabla hujaondoka Ghuba. Kuifuatilia ukiwa umesharudi ni usumbufu mtupu. Mtoto akizaliwa ombi likiwa bado linasubiri atajwe mara moja, hata kama hatasafiri na mama yake. Mwanafamilia ambaye hakutajwa na kuchunguzwa anaweza kushindwa kudhaminiwa baadaye, na familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi zimeumizwa sana na kanuni hiyo.

Jibu likiwa zuri, soma tarehe kwenye hati ya uthibitisho wa ukaaji wa kudumu, maana haiongezwi muda. Wenye mikataba Ghuba hupenda kuingia Kanada, kukamilisha taratibu, kisha kurudi haraka kumalizia kazi. Kadi ya ukaaji hutumwa kwa anwani ya Kanada tu. Ukiondoka kabla haijafika na huna wa kuipokea, utahitaji hati maalumu ya safari kutoka ofisi ya viza ya Kanada iliyo nje ndipo upande ndege ya kurudi.