Gari la kifahari lililozeeka na milio ya asubuhi ya baridi: sikiliza kabla ya kununua kipuri

Mwenye gari anafika saa nne asubuhi. Injini imeshapata joto, heta inapuliza vizuri, usukani ni mlaini. Ananiambia, "Fundi, alfajiri lilikuwa linagonga, yaani linagonga kweli." Nafungua boneti, nasikiliza. Kimya. Tunatazamana. Pesa nyingi za matengenezo ya magari haya hupotelea hapo hapo. Fundi hajasikia kitu, mwenye gari ana hofu, kompyuta haionyeshi hitilafu yoyote, na kinachofuata ni kupiga ramli kwa vipuri vya bei kubwa.

Kazi yangu ni sedani kubwa za kifahari ambazo zimeshapita miaka kumi na tano. Bei ya gari la namna hii hushuka kila mwaka, lakini vipuri vyake hubaki na bei ya gari lilipokuwa jipya. Sedani ya V8 unaweza kuipata leo kwa pesa ya kigari kidogo, ila shokapu yake ya upepo haina habari kwamba gari limezeeka. Ukikisia kwenye gari dogo, unapoteza kidogo. Ukikisia kwenye hili, kipuri kimoja kisichohusika kinaweza kumeza bajeti ya mwaka mzima.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba gari lilale kwangu. Liegeshwe nje jioni, likae saa nane au zaidi, na mtu yeyote asiliwashe mpaka nifike. Mlio wa baridi ni ushahidi unaoyeyuka. Raba ikishapata joto hulegea, oili ikishapata joto hupanda haraka, chuma kikishatanuka huziba mwanya uliokuwa ukivuja. Nikikosa dakika kumi za mwanzo, nimekosa kila kitu mpaka kesho.

Alfajiri naja na tochi, stethoskopu ya fundi, kipande cha mpira wa maji cha kuweka sikioni, na chupa ya kupulizia yenye maji ya vuguvugu. Kisha nafuata saa, kwa sababu muda ambao mlio unaonekana na muda unaopotea husema mengi kuliko sauti yenyewe.

Sekunde mbili za kwanza ni za cheni ya taimingi, mnyororo unaozungusha kamshafti (shafti zinazofungua vali). Ukisikia mkwaruzo mkavu, kama mnyororo uliomwagwa kwenye sinia, kisha ukakatika ghafla, maana yake mara nyingi ni kwamba tenshena, kifaa kinachokaza cheni, ilikuwa tupu. Tenshena hizi husukumwa na presha ya oili. Gari likilala, oili ikarudi chini yote, cheni hupiga miongozo yake mpaka presha ifike. Mlio unaofanana nao sana hutoka kwenye gia za kamshafti zinazobadilisha taimingi: ndani yake mna pini ya kuzifunga injini ikiwa imezimwa, na pini ikilika, gia hupigapiga mpaka oili iijaze. Kabla ya kutaja bei ya cheni, naangalia vitu viwili visivyo na gharama kubwa. Cha kwanza ni filta ya oili, kwa kuwa nyingi zina vali ya kuzuia oili isirudi chini, na filta duni huwa na vali isiyofunga. Cha pili ni oili yenyewe. Herufi W kwenye kopo inahusu baridi: oili ya 0W hupimwa uwezo wa kuzungusha injini kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25. Mtu aliyeweka oili nzito ili "kuituliza" injini ya zamani amechelewesha dawa kufika mahali inapohitajika zaidi.

Ikiwa mlio haubadiliki baada ya hapo, au unaendelea zaidi ya sekunde chache, sisubiri. Hapa sina upole. Cheni iliyoruka meno inaweza kuua vali zote za upande mmoja. Gharama yake inategemea mno mahali cheni ilipo. Kwenye Audi S4 ya kizazi cha B6 yenye V8 ya lita 4.2, cheni ziko nyuma, upande wa giaboksi, na kuzifikia ni kushusha injini. Lexus LS 400 iliyotoka mwaka 1989, kwa upande mwingine, haina cheni kuu ya taimingi kabisa, inatumia mkanda. Ukiambiwa injini yake inahitaji cheni mpya ya taimingi, chukua funguo zako.

Baada ya sekunde hizo, dakika tano zinazofuata ni za tak-tak-tak. Tapeti za haidroliki (vikombe vidogo vya oili vinavyosukuma vali) hupiga kwa mwendo wa nusu ya mzunguko wa injini, na ukiweka stethoskopu juu ya kifuniko cha vali unazisikia ziko karibu. Zikinyamaza ndani ya dakika moja au mbili, mimi hubadilisha oili na kusubiri. Manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) iliyovunjika boliti hutoa mlio unaodanganya sana, kwa kuwa nao ni tak-tak, lakini una pumzi ndani yake, na huongezeka ukikanyaga mafuta. Naitafuta alama ya masizi meusi kwenye gasketi, na napitisha mpira wa maji taratibu kando ya manifoldi, ncha moja ikiwa sikioni. Joto likipanda, chuma hutanuka, mwanya unaziba, mlio unatoweka. Kuhusu gharama, namwambia mwenye gari ukweli mapema: gasketi ni rahisi, boliti mpya ni rahisi, lakini boliti iliyokatikia ndani ya silinda hedi ya alumini inaweza kutoka kwa dakika kumi au kwa siku mbili. Fundi anayekupa bei moja kamili kwa kazi hiyo kabla ya kuigusa hajaifanya mara nyingi.

Upo pia mlio wa kugonga mzito zaidi, wa chini, wa pistoni. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu kwa joto lile lile, kwa hiyo kwenye silinda zenye ukuta wa chuma pistoni iliyopoa huwa na nafasi kubwa kuliko iliyopata moto, nayo huyumba na kupiga ukuta. Nazima nozo ya mafuta ya silinda moja moja kwa kutumia kompyuta. Mlio ukipungua silinda fulani ikizimwa, nimempata. Kama unaisha kabisa injini ikipata moto na gari halili oili, siigusi injini hiyo. Kuifungua ni gharama ambayo gari hili halitairudisha kamwe, na zipo zilizotembea hivyo miaka mingi.

Mlio wa mkanda wa mbele kila mtu anaujua, lakini wachache wanaufanyia mtihani wa maji. Puliza maji kidogo upande wenye mifereji, injini ikiwa inazunguka na mikono ikiwa mbali. Mlio ukinyamaza kwa muda kisha ukarudi, puli moja haijanyooka na wenzake. Ukizidi, mkanda unateleza, na tatizo ni mkazo. Ukibaki vile vile, tafuta beringi iliyokauka grisi. Pampu ya stelingi inayoguna kwenye baridi, yenye povu kwenye chupa yake, mara nyingi inavuta hewa kupitia oringi (pete ya raba) iliyokakamaa ya mpira wa kunyonya, kitu kidogo kuliko sarafu. Angalia pia aina ya mafuta. Magari mengi ya Ulaya yalitengenezwa kwa mafuta ya kijani ya haidroliki kama CHF 11S, ambayo hubaki mepesi kwenye baridi kali. Mtu akijaziliza mafuta mekundu ya giaboksi, pampu italia kila alfajiri mpaka ife, na bili itasomeka "pampu mpya".

Sasa tuje kwenye raba, ambako magari haya huwatesa wenye nayo zaidi ya kokote.

Mzee mmoja aliniletea sedani ndefu pamoja na bili ya gereji nyingine: mikono yote ya sespensheni ya mbele, shokapu mbili, alaimenti. Mlio ulikuwa pale pale. Kila akipita tuta asubuhi, upande wa kulia mbele kulikuwa na kilio cha bawaba kavu. Akaniambia, "Mwanangu, gari hili silitupi, lakini nimechoka kulipia vitu visivyonisaidia." Nilimwomba aniachie usiku kucha na arudi alfajiri. Alirudi hata kabla yangu. Yeye akawa anakandamiza pembe ya gari, mimi niko chini na mpira sikioni, nagusisha ncha yake kwenye kila bushi, yaani raba ya kiungo. Nikafika kwenye bushi ya stabilaiza (nondo inayozuia gari kulala upande kwenye kona), na kilio kikaingia sikioni kama sindano. Nikapulizia maji ya vuguvugu hapo peke yake. Kimya. Baada ya dakika mbili kikarudi. Raba mbili za ukubwa wa yai. Nilipomwonyesha, hakusema kitu kwa muda, akabaki anazigeuzageuza mkononi.

Somo nililolishika siku ile ni kupulizia bushi moja tu kwa wakati, na kusubiri kabla ya kwenda inayofuata. Ukizilowesha zote kwa pamoja mlio utaisha na hutajua ni ipi. Pia usitumie oili wala grisi ya kawaida kwenye raba ya asili, kwa kuwa huivimbisha na kuioza. Silikoni ndiyo inayofaa.

Si kila kilio cha raba ni cha kudharau. Bolijointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa sespensheni) ambayo kifuniko chake kimepasuka huingiwa maji, grisi huoshwa, na kwenye baridi hukoroma unapogeuza usukani ukiwa umesimama. Hiyo inaweza kuachia gurudumu barabarani. Kwangu bolijointi hutangulia kila kitu kwenye orodha, hata cheni, kwa sababu cheni huua injini na bolijointi huua watu.

Sespensheni ya upepo ina hesabu yake. Mercedes-Benz S-Class ya kizazi cha W220, iliyoanza mwaka 1998, ndiyo iliyowafundisha mafundi wengi jambo hili. Hewa iliyofungwa ikitoka nyuzi 20 juu ya sifuri hadi 20 chini ya sifuri hupoteza karibu asilimia 14 ya presha yake, hata bila tundu. Kwa hiyo gari kushuka kidogo sawasawa pembe zote si ugonjwa. Ugonjwa ni pembe moja kulala na tatu kusimama. Mfuko wa raba uliochakaa una nyufa ndogo kwenye mkunjo wake. Wakati wa joto raba huzibana, kwenye baridi hukakamaa na kuziachia wazi. Kompresa inafidia kwa kufanya kazi muda mrefu, inaunguruma dakika nzima badala ya sekunde chache, inapata moto, inakufa. Kisha mwenye gari anauziwa kompresa. Mpya nayo inakufa, maana tundu liko pale pale.

Mimi huanza na maji ya sabuni kwenye mifuko na viungo vya mirija. Mfuko kwanza, kompresa baadaye, na kompresa ikibadilishwa relei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa iliyoganda huiacha mpya ikizunguka bila kusimama. Kikaushio cha hewa nacho kisisahauliwe. Kikishiba unyevu, maji huenda kwenye vali na kugandia humo. Wapo wanaobadilisha mfumo wote kuwa springi za chuma. Siwalaumu, ila gari linakuwa jingine, na taa za onyo lazima zishughulikiwe ipasavyo.

Milio ya ndani nitaipita haraka. Plastiki husinyaa kwenye baridi mara tano au sita ya chuma kilichoishikilia. Dashibodi ya mita moja inaweza kupishana na fremu yake kwa zaidi ya milimita mbili kati ya joto la chumba na baridi kali. Italia. Utepe wa kitambaa kwenye miguso na grisi ya silikoni kwenye raba za milango hutosha mara nyingi. Usikubali kulipia kufunguliwa dashibodi nzima kabla ya hayo kujaribiwa.

Unapopewa makadirio, omba saa za kazi ziandikwe mbali na bei ya vipuri. Kwenye magari haya saa za kazi mara nyingi huzidi kipuri, na hapo ndipo pa kuokoa: ikiwa sehemu ya mbele ya injini imefunguliwa kwa ajili ya pampu ya maji, beringi za mkanda na tenshena yake zibadilishwe humo humo, kwa kuwa kazi ya kuzifikia umeshailipia. Mikono ya sespensheni ikifanywa kwa awamu, unalipa alaimenti kila awamu. Kuhusu vipuri, huwa natafuta cha mtengenezaji aliyekitengenezea kiwanda cha gari, kama Lemförder au Sachs, bila boksi lenye nembo ya gari. Bei hupungua, kitu ni kile kile. Vya bei ya kutupa kwenye raba sivifungi tena. Nimevitoa vikiwa vimepasuka kabla ya baridi ya pili.

Gari la mzee yule nalihudumia bado. Baada ya bushi tulikuta mfuko wa nyuma kushoto unatoa povu, tukaubadilisha kabla haujaila kompresa. Dirisha lake la paa hulia kila alfajiri ya baridi kwa dakika kama tatu. Nilimpa makadirio ya kulishusha, akayasoma, akayakunja, akaniambia lile tuliache.