Wasemaji wa Kiingereza: Takwimu za Nchi Zinahesabu Nini Hasa

Makadirio yanayorudiwa zaidi yanasema Kiingereza kina wasemaji kama bilioni 1.5 duniani, na kwamba wasiofika milioni 400 kati yao ndio wenye lugha hiyo kama lugha ya kwanza. Kama makadirio, si mabaya. Shida huanza pale yanapogawanywa nchi kwa nchi na kupangwa kwenye jedwali moja, Uholanzi asilimia 90, India kama asilimia 10, utadhani zote zilipimwa kwa mzani mmoja. Hazikupimwa hivyo. Kitakwimu, msemaji wa Kiingereza ni yule ambaye dodoso fulani limekubali kumhesabu, na kila dodoso lina masharti yake.

Kwanza tuondoe suala la lugha rasmi, maana ndilo linalochanganya wengi. Urasmi ni hadhi ya kisheria. Unahusu lugha ya bunge, mahakama na nyaraka za serikali, wala hauelezi watu wanaongea nini wakiwa majumbani mwao. Marekani ilikaa tangu kuasisiwa kwake hadi Machi 2025 bila lugha rasmi ya taifa zima, ndipo rais akatoa amri ya kukitangaza Kiingereza. Australia hadi leo haina sheria ya namna hiyo. Ireland nayo, katiba yake ya 1937 inaitaja lugha ya Kiayalandi kuwa rasmi ya kwanza na Kiingereza ya pili, ilhali wananchi walio wengi huendesha maisha yao kwa Kiingereza. Rwanda ni kinyume chake: mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, mwaka uliofuata nchi ikaingia Jumuiya ya Madola, lakini lugha ya karibu kila Mnyarwanda imebaki kuwa Kinyarwanda. Ramani inayopaka rangi moja nchi zote zenye Kiingereza rasmi ni ramani ya sheria, si ya wasemaji.

Wanaisimu wengi huanzia kwenye mgawanyo wa Braj Kachru wa mwaka 1985. Yeye aliziweka nchi katika maduara matatu. La ndani ni la nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kwanza ya wengi, kama Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. La nje ni la nchi zilizokirithi kutoka ukoloni na kukiweka shuleni, serikalini na mahakamani: India, Nigeria, Ufilipino, Singapore. Linalopanuka ni la nchi zinazojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, mfano China, Japani na sehemu kubwa ya Ulaya. Mgawanyo huu unafaa kueleza Kiingereza kilifikaje mahali. Kueleza kimeenea kiasi gani, hapana. Uholanzi iko duara la mwisho, lakini uwiano wa wanaokizungumza huko unaziacha mbali nchi nyingi za duara la nje. Singapore nayo inaelekea kulitoka duara lake: katika sensa ya 2010, asilimia 32.3 ya wakazi walisema Kiingereza ndicho wanachokitumia zaidi nyumbani. Sensa ya 2020 ilipata asilimia 48.3.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe, maana tofauti kubwa zimejificha humo.

Sensa ya India ya 2011 ilimuuliza mtu lugha mama yake, kisha lugha nyingine anazozijua, zisizidi mbili. Waliotaja Kiingereza kama lugha mama walikuwa kama 260,000 tu. Waliokitaja kama lugha ya pili walikuwa milioni 83, na ya tatu milioni 46. Jumla inafika kama milioni 129, zaidi kidogo ya asilimia 10 ya watu bilioni 1.21 waliohesabiwa. Lakini angalia lile sharti la lugha mbili. Mtu wa pwani ya Karnataka ambaye lugha yake ni Kitulu, anayetumia Kikannada kazini na Kihindi akisafiri, Kiingereza kwake huenda kikawa cha nne. Hata akikimudu vizuri, fomu haina nafasi ya kukiandika. Kwa hiyo asilimia 10 inawaacha nje baadhi ya wasemaji. Wakati huohuo inawaingiza wengine wenye Kiingereza cha kuungaunga, kwa sababu hakuna aliyepimwa; kila mtu alijieleza mwenyewe.

England na Wales huuliza vingine: lugha yako kuu ni ipi? Mwaka 2021, asilimia 91.1 ya wenye umri wa miaka mitatu na kuendelea waliweka alama kwenye Kiingereza, ila kwa walioko Wales kisanduku hichohicho kilisomeka "Kiingereza au Kiwelisi". Anayeishi kwa Kiwelisi na anayeishi kwa Kiingereza walijaza mahali pamoja. Waliosema wana lugha kuu nyingine ndio walioulizwa swali la nyongeza, wanaongea Kiingereza kwa kiwango gani. Asilimia 1.5 ya wote walijibu hawakiongei vizuri, na 0.3 hawakiongei kabisa. Kwa maneno mengine, wale karibu asilimia 9 ambao lugha yao kuu ni nyingine si watu wasiojua Kiingereza. Magazeti huwachanganya kila sensa inapotoka.

Marekani ina mtego unaofanana na huo. Takwimu za 2019 zinaonyesha watu kama milioni 67.8, yaani zaidi ya mmoja kati ya watano wenye miaka mitano na kuendelea, wanaotumia lugha nyingine nyumbani. Walio wengi miongoni mwao husema Kiingereza chao ni kizuri sana. Ukiondoa kundi hilo lote kutoka kwa wasemaji wa Kiingereza, umefuta mamilioni ya watu wanaosoma na kufanya kazi kwa lugha hiyo kila siku.

Umoja wa Ulaya hutumia uchunguzi wa maoni badala ya sensa. Ule wa 2012 uliwahoji watu kama 1,000 katika nchi nyingi wanachama, ukiwauliza ni lugha zipi, mbali na lugha mama, wanazoweza kufanyia mazungumzo. Kiingereza kilitajwa na asilimia 90 Uholanzi, 86 Denmark na Uswidi, 34 Italia, 22 Hispania, 20 Hungaria, na wastani wa Umoja mzima ukawa 38. Sampuli ya watu 1,000 ina kiasi cha kukosea cha takriban pointi tatu juu au chini, hivyo kuzibishania nchi mbili zilizopishana kwa pointi moja ni kupoteza muda. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Waingereza walikuwa ndani ya hesabu ya 2012, na kwa wengi wao Kiingereza ni lugha mama, hivyo hakikuhesabiwa kama lugha ya ziada. Walipojitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020, wastani ulipanda kwa pointi kadhaa bila Mzungu hata mmoja kujifunza neno jipya.

Neno "mazungumzo" nalo lina upana wake. Vipimo vya ujuzi wa lugha vya Baraza la Ulaya, vilivyochapishwa 2001, vina ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Mtu wa A2 anaweza kuagiza chakula na kuuliza njia, na akiulizwa kama anaongea Kiingereza anaweza kusema ndiyo kwa haki kabisa. Kufuata mkutano wa kazi au kujadili mkataba kunahitaji B2 na zaidi. Ukihesabu kuanzia A1, China peke yake inakupa mamia ya mamilioni kwa kuwa Kiingereza ni somo la shule huko. Ukianzia B2, idadi hiyo inaporomoka. Makadirio ya dunia yanayopishana kwa mamilioni mengi mara nyingi yamepishana hapa tu, kwenye ngazi ya kuanzia.

Vipo pia viwango vya nchi vya umahiri wa Kiingereza vinavyotangazwa kila mwaka na kampuni ya EF, inayouza masomo ya lugha. Vinatokana na mtihani wa intaneti unaofanywa na anayetaka. Anayetaka kwa kawaida ana intaneti, yuko mjini, na anakihitaji Kiingereza. Wastani wao unaeleza kiwango cha waliofanya mtihani. Hauwezi kueleza ni wangapi nchini wanaongea. Kuutumia kama asilimia ya wasemaji ni kosa la moja kwa moja, ingawa linafanywa sana.

Suala gumu kuliko yote ni kipi kihesabiwe kuwa Kiingereza. Nigeria ina Kiingereza rasmi cha shuleni, na ina Pijini inayotumiwa na mamilioni ya watu redioni, barabarani na hata majumbani kama lugha ya kwanza. Jamaika kuna Patwa. Zina msamiati mwingi wa Kiingereza lakini sarufi yake ni nyingine, na Mwingereza asiyezizoea huachwa njiani. Ukizijumlisha, Nigeria inapanda sana kwenye orodha. Ukizitoa, inashuka sana. Wanaisimu wengi huzitenga kama lugha zenye kujitegemea, na nadhani wako sahihi, ila majedwali mengi hayasemi yamefuata njia ipi.

Nchi nyingine hazina hata swali la kuanzia. Ubelgiji iliachana na maswali ya lugha baada ya sensa ya 1947, kwa sababu majibu yalikuwa yakisogeza mpaka wa kiutawala kati ya wanaoongea Kiholanzi na wanaoongea Kifaransa. Penye pengo kama hilo, wakadiriaji hutumia idadi ya waliomaliza sekondari. Njia hiyo huelekea kuzidisha, hasa pale ambapo mtihani wa shule ni wa kusoma na kuandika pekee.

Unapokuta namba mbili zinazogongana kuhusu nchi moja, tafuta kwanza swali lililoulizwa, kisha umri wa waliojibu, kisha mwaka. Umri una uzito usiotarajiwa: Ulaya Mashariki, waliosoma kabla ya 1989 walifundishwa zaidi Kirusi, hivyo wastani wa taifa unawaunganisha mjukuu anayeongea Kiingereza vizuri na babu asiyekijua. Kama kazi yako ni kuamua iwapo tangazo, tovuti au maelekezo ya dawa yatafsiriwe, achana na wastani wa taifa. Tafuta takwimu za rika na eneo la wasomaji wako, na uhakikishe zinahusu kusoma, kwa sababu dodoso karibu zote zilizotajwa hapa ziliuliza kuongea.