Maharashtra 2024: Nani Alirithi Chama?

Wengi wetu tunaofuatilia siasa za India kwa mbali huishia Delhi: Modi kapata viti vingapi, upinzani umepata vingapi. Juni 2024 macho yangu yalikuwa Maharashtra, jimbo lenye jiji la Mumbai na viti 48 katika Lok Sabha, bunge la taifa la wawakilishi. Ni Uttar Pradesh pekee inayoizidi. Huko uchaguzi wa taifa uligeuka kesi ya mirathi.

Vyama viwili vya jimbo vilikuwa vimepasuka. Juni 2022 Eknath Shinde aliondoka na wabunge wengi wa Shiv Sena, akaungana na BJP, chama cha Modi, na kutwaa uwaziri kiongozi (ukuu wa serikali ya jimbo) wa Uddhav Thackeray, mtoto wa mwasisi wa chama. Mwaka uliofuata Ajit Pawar akamfanyia vivyo hivyo baba yake mdogo, Sharad Pawar, katika NCP, chama cha pili. Tume ya Uchaguzi ikawapa walioasi jina la chama pamoja na alama: upinde na mshale kwa Shinde, saa kwa Ajit.

Alama si pambo. Kwenye mashine ya kura ya India, mamilioni ya watu hutafuta picha kwanza. Tazama Satara, mojawapo ya maeneo ya uchaguzi ya Maharashtra. Mgombea wa Sharad Pawar alipewa alama ya mtu anayepuliza baragumu. Chini yake kwenye orodha kulikuwa na mgombea binafsi asiyejulikana, alama yake tarumbeta. Wa Pawar alishindwa kwa kura kama 32,000. Wa tarumbeta alizoa zaidi ya 37,000! Siwezi kuapa kwamba wote walikosea picha, ila maelezo mengine hayaniingii akilini.

Pamoja na hayo, upinzani (Congress, Uddhav na Sharad) ulipata viti 30, upande wa serikali (BJP, Shinde na Ajit) 17. BJP ilishuka kutoka 23 hadi 9, Congress ikapanda kutoka kimoja hadi 13. Ajit aliambulia kimoja, na nyumbani kwao Baramati mkewe Sunetra aliangushwa na Supriya Sule, binti wa Sharad, kwa zaidi ya kura 150,000. Wakulima wa vitunguu wa Nashik, wilaya ya jimbo hilo, walikuwa na hasira ya kuzuiwa kuuza nje tangu Desemba 2023, na Marathwada, ukanda wa jimbo hilohilo, ilikuwa inawaka kwa madai ya jamii ya Wamaratha ya kutengewa nafasi za kazi na masomo. Kesi ikaonekana imekwisha: wazee wamerudishiwa mali yao.

Lakini kura zenyewe zilikuwa karibu sawa. Kila upande ulikuwa na asilimia 43 na ushee, tofauti haikufika hata asilimia moja. Kwa maoni yangu hapa ndipo mambo yalipogeukia. Upinzani ulihesabu viti, ukaanza kuvutana nani awe waziri kiongozi na nani asimame wapi. Serikali ilihesabu kura. Kabla Juni haijaisha ilikuwa imetangaza Ladki Bahin, rupia 1,500 kwa mwezi kwa wanawake wa familia za kipato cha chini, na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti Agosti. Septemba masharti ya kuuza vitunguu nje yakalegezwa.

Uchaguzi wa jimbo ulipofika Novemba, upande wa serikali ulichukua viti 230 kati ya 288. Vyama vitatu vikuu vya upinzani kwa pamoja vilipata 46, na hakuna hata kimoja kilichofikisha viti 29, kiwango kilichozoeleka cha kudai kiongozi rasmi wa upinzani.

Aliyepoteza bila kushindwa ni Shinde. Alikuwa na viti 57, ushahidi tosha kwamba wapiga kura wamemkubali na chama chake. Ila BJP ilikuwa na 132, wingi ulihitaji 145, na Ajit alikuwa tayari kuiunga mkono kwa 41 vyake. Tarehe 5 Desemba Devendra Fadnavis wa BJP, ambaye Juni aliomba kuachia ngazi kwa matokeo mabaya ya taifa, aliapishwa kuwa waziri kiongozi. Shinde akaapa siku hiyohiyo, kama naibu wake.