Ile asilimia 15 ya kaunti

Tangu ugatuzi, yaani kugawia kaunti madaraka na fedha, uanze mwaka 2013, wengi wetu tumeamini kwamba kaunti 47 za Kenya hukatiwa asilimia 15 ya kodi yote ya mwaka, wala hazipati zaidi. Sivyo.

Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema *isiyopungua* asilimia 15. Hicho ni kiwango cha chini. Tena hakihesabiwi kwa kodi ya mwaka huu, bali kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, na hapo ndipo mambo huchanganya watu, kwa sababu hesabu hizo huchelewa miaka kadhaa. Mgao wa mwaka wa fedha 2023/24 ulikuwa Sh385.4 bilioni. Ukiupima kwa hesabu hizo za zamani, unaipita asilimia 15 kwa mbali. Ukiupima kwa makusanyo mapya, asilimia inashuka. Ndiyo maana gavana na waziri wa fedha hubishana, kila mmoja na takwimu yake, na wote wawili wasiwe waongo.

Kisha Seneti hugawa fungu hilo kwa fomula, ambamo idadi ya watu ni kigezo kimoja tu kati ya kadhaa.

Na ile tiketi ya kanjo, yaani ya serikali ya kaunti, anayokata mama mboga kila asubuhi? Hayo ni mapato ya kaunti yenyewe, pamoja na ada za maegesho, leseni za biashara na kodi ya ardhi. Kwa kaunti nyingi ni sehemu ndogo ya bajeti. Mishahara ya wauguzi hutegemea zaidi mgao kutoka serikali ya kitaifa. Mgao ukichelewa, migomo hunukia.