Fuko-dhahabu hali viazi

Wakulima wa Kasese na Kisoro, magharibi mwa Uganda, hunitumia picha za fuko aliyenaswa shambani, wakiuliza dawa yake. Kabla ya kujibu huwa nawauliza: meno yake yakoje?

Akiwa na meno marefu ya rangi ya chungwa yanayoonekana hata akifumba mdomo, mwizi wenu ndiye huyo. Ni jamii ya panya, Tachyoryctes kwa jina la kitaalamu. Huchimba kwa meno hayo, hula mizizi na viazi vitamu kutoka chini, na udongo anausukuma juu ukawa marundo.

Yule mwingine anatosha kiganjani, wala hana meno ya namna hiyo. Mgeuze taratibu juani: manyoya ya kahawia yanametameta kijani, mara rangi ya shaba. Macho huyaoni, yamefunikwa na ngozi. Masikio hayatokezi nje, mkia hauonekani, pua ina kigaga kigumu kama ngozi ya kiatu, na kila mguu wa mbele una ukucha mmoja mkubwa kupita zote. Huyo ni fuko-dhahabu wa Stuhlmann, Chrysochloris stuhlmanni, mla minyoo na wadudu. Kiukoo, tembo na pimbi ni ndugu zake wa karibu kuliko fuko wa Ulaya. (Fuko wa Ulaya na jamaa zake hawapo Afrika kabisa.)

Franz Stuhlmann, mvumbuzi Mjerumani, alipanda milima ya Rwenzori mwaka 1891, na mwaka 1894 mtaalamu wa wanyama Paul Matschie akamwelezea mnyama huyu kitaalamu. Kinachonivutia zaidi ni ramani yake. Anaishi kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Uganda, mashariki mwa Kongo, Rwanda na Burundi. Kisha anakatika, anaibuka tena vilima vya Cherangani nchini Kenya, milimani Tanzania, na mbali kabisa Kameruni. Katikati ni mabonde yenye joto, na mnyama anayesafiri kwa kuchimba hawezi kuyavuka. Maelezo ninayoyakubali ni kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa baridi zaidi, makazi ya milimani yalishuka chini na kukaribiana. Joto liliporudi, kila kundi likabaki juu ya mlima wake.

Msitu ukifyekwa haondoki lazima. Hukaa hata malishoni na bustanini, mradi udongo uwe laini na wenye minyoo. Ndiyo maana anasingiziwa.

Kwa hiyo mtego wa ufito na kitanzi tegeni penye rundo la udongo na mizizi iliyotafunwa. Mkiona tuta jembamba tu limeinuka juujuu ya ardhi, huyo ni fuko-dhahabu, mwacheni apite.