Kilichowaua mabaharia wa Vasco da Gama hakikuwa dhoruba

Nimeulizwa tena. Safari hii na mwalimu, mtu mzima mwenye shahada yake: "Wale mabaharia wa Vasco da Gama si wengi walikufa kwa dhoruba pale Rasi ya Tumaini Jema?" Kabla sijajibu akaongeza kwamba maskini walikuwa wakiogopa kufika ukingoni mwa dunia na kudondoka. La ukingo silitumii muda: baharia ambaye kila mara huona tanga la chombo kingine likichomoza kwenye upeo kabla ya chombo chenyewe hahitaji profesa wa kumweleza kwamba bahari imepinda. Hili la dhoruba ndilo limenichosha.

Dhoruba zilikuwepo, sikatai. Ila hesabuni merikebu. Zilitoka Lisbon nne kwenda India, tarehe 8 Julai 1497. Ile ya akiba waliivunja wenyewe Mossel Bay, Afrika Kusini ya leo, baada ya kugawana shehena. São Rafael waliichoma moto kwa mikono yao. São Gabriel na Berrio zikarudi Ureno. Ya kuzamishwa na dhoruba iko wapi?

Baharia alikufa kwa kukosa matunda na mboga. Kutoka visiwa vya Cape Verde walizunguka mbali katika Atlantiki kutafuta upepo, wakakaa karibu miezi mitatu bila kuona nchi kavu. Columbus, ambaye watu wanamsifu kwa uvumilivu, alikaa wiki tano tu kutoka Canary hadi Karibi. Tofauti hiyo ndiyo habari yote, kwa sababu mwili wa mtu hustahimili miezi miwili hadi mitatu hivi bila vitamini C, kisha kiseyeye kinabisha hodi. Januari 1498, wakiwa wamelaza vyombo mto Quelimane, Msumbiji ya leo, ili kuvikarabati, mwandishi wa shajara ya safari anaeleza jinsi miguu na mikono ya wenzake ilivyovimba, na ufizi ukaota juu ya meno hadi wakashindwa kula. Hakulipa gonjwa hilo jina. Ni sisi tunaosoma leo tunaosema ni kiseyeye, na sioni sababu ya kubisha.

Maisha mengine ya chomboni nayapitia haraka. Kitanda hakuna. Bembea za kulalia Wazungu walizikuta kwa wenyeji wa Karibi, na zilichelewa kuenea merikebuni, kwa hiyo mtu alijinyoosha penye nafasi juu ya mbao. Vijana wadogo waligeuza saa ya mchanga kila nusu saa. Chakula ni biskuti ngumu kama tofali, nyama ya chumvi, divai, na maji yaliyooza pipani. Ngama, yale maji machafu yanayotuama chini ndani ya chombo, ilinuka. Ukitaka ubaya wenyewe, soma kuhusu watu wa Magellan walipovuka Pasifiki mwaka 1520 na 1521: walitafuna ngozi zilizofunika foromali, ule mti wa kushikia tanga, baada ya kuziloweka baharini siku nne tano, na panya mmoja akauzwa nusu dukati, sarafu ya dhahabu.

Sasa nifike kwenye machungwa, maana hapa ndipo watu wananikera kwa pande mbili.

Aprili 1498 São Rafael ilipanda mwamba upande wa Mtangata, karibu na Tanga ya leo. Mashua za wenyeji zikaja, moja imejaa machungwa, na mwandishi wa shajara anakiri ni mazuri kuliko ya Ureno. Wakafika Mombasa, mfalme akawaletea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi anamshukuru Mungu, kisha anataja sababu: hewa ya Mombasa ni nzuri! Mtu ana maganda ya machungwa miguuni na bado anasifu upepo. Usimcheke lakini. Mgonjwa aliyeshuka pwani hubadilishiwa vyote kwa pamoja: hewa, maji, nyama, usingizi, matunda. Ungejuaje ni kipi kilichomponya?

Kisha kuna marudio, sura ambayo vitabu vya shule huipa mstari mmoja. Kwenda, kutoka Malindi hadi pwani ya India, ilikuwa chini ya mwezi: waling'oa nanga tarehe 24 Aprili wakiwa na rubani aliyejua majira, kusi likiwa linaingia. (Rubani huyo hakuwa Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu maarufu. Tafadhali. Nitaandika siku nyingine.) Kurudi, da Gama alikuwa amegombana na wakubwa wa Calicut, bandari ya viungo huko India, akaiacha India tarehe 5 Oktoba, katika maleleji, kipindi cha kati ya pepo mbili za msimu, kaskazi bado haijasimama. Nahodha yeyote wa jahazi angemwambia asubiri. Matokeo ni shwari juu ya shwari na pepo za mbisho, zinazovuma usoni, miezi mitatu kasoro siku tatu. Shajara inasema watu thelathini walikufa katika mvuko huo, na wengine kama hao walikuwa wamekufa kabla. Kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane wa kushika kamba, nao wagonjwa. Nidhamu ilivunjika, na manahodha wakashauriana kurudi India endapo wangepata upepo wa kuwarudisha. Kwa hiyo ukiniuliza nani aliwaua wale thelathini, nasema kiseyeye kwa mkono wa kalenda.

Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi, na hapa shajara inaandika jambo ambalo naomba lisomwe polepole: mtu alitumwa pwani kuleta machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani sana. Miaka 248 kabla ya James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, kuwagawia mabaharia kumi na wawili dawa mbalimbali za kiseyeye merikebuni, watu wa kawaida chomboni walishajua wanachokitaka. Upande wa kwanza wa kero yangu ni hao wanaosema hakuna aliyejua chochote kabla ya Lind.

Upande wa pili ni wanaosema, "Basi walijua, ni uzembe tu." Machungwa ya Malindi yalikuja, na bado wengi wakafia pale pale. Mwandishi akalaumu hewa tena, safari hii kwa ubaya. Kwa nini hayakuwasaidia? Walikaa siku tano tu, na wengine walishavuka mstari. Huenda palikuwa na homa nyingine juu yake. Hayo ni makisio yangu, sina cha kukuonyesha. Ila ushahidi wa namna hiyo, mara tunda linaponya, mara haliponyi, ndio uliowachanganya watu kwa karne tatu. Hata Uingereza ilingoja hadi 1795 ndipo maji ya limau yakawa ya kawaida katika jeshi lake la majini.

Na nyie mnaonitumia ujumbe kwamba mabaharia wetu wa majahazi walikuwa na dawa ya siri ya kiseyeye, niacheni. Walivuka kwa wiki chache kwa upepo wa msimu, wakashuka bandarini, wakala. Mtu wa namna hiyo kiseyeye hakimpati hata kama chakula chake cha safarini ni tende na papa mkavu.

Kwa nini basi mtu alikubali kazi hii? Wachache hawakukubali: safari ilibeba wafungwa, wa kushushwa ufukweni mahali pa hatari. Wengine waliona biashara. Kule Calicut mabaharia waliuza hadi mashati yao wapate mdalasini na karafuu za kwenda nazo nyumbani, shati zuri la reis 300 (fedha ya Ureno) kwao likienda kwa reis 30. Ni hasara kubwa, na waliikubali kwa sababu walijua bei ya viungo Lisbon.

Mwalimu wangu alitaka mwisho nimpe namba moja ya kuandika ubaoni. Sina. Walioondoka wanatajwa kuanzia 148 hadi 170. Waliorudi, vitabu vingi husema 55. São Rafael ilichomwa Januari ile ile, kwenye miamba ile ile ya Mtangata, kwa kuwa hapakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu. Aandike hilo ubaoni.