Je, wajua kwa nini jaji Marekani anaweza kugombea bila mpinzani na bado akashindwa?

Mpiga kura wa Alaska akishamaliza kuchagua gavana na wabunge wake, hukuta karatasi ya kura bado ina maswali. Kuna jina la jaji, kisha swali: abaki kazini? Ndiyo au Hapana. Jaji huyo hana mpinzani wala jina la chama pembeni yake, lakini Hapana zikizidi, ajira imekwisha.

Kwetu jambo hili ni geni. Kenya na Tanzania majaji huteuliwa na Rais, tume ya utumishi wa mahakama ikihusika, na raia hapigi kura. Hata Marekani kwenyewe, majaji wa mahakama za shirikisho hawapigiwi kura na wananchi. Haya ni mambo ya majimbo, na kila jimbo lina utaratibu wake.

Kura hii ilipata umaarufu Missouri. Miaka ya 1930, siasa za Kansas City zilikuwa mikononi mwa Tom Pendergast, mtu aliyeamua nani apite na nani aanguke, hadi alipofungwa mwaka 1939 kwa kukwepa kodi. Majaji nao walikuwa wakichaguliwa kwa tiketi za vyama, kwa hiyo walijua fika nani kawaweka kwenye kiti. Novemba 1940 wananchi wakabadili katiba ya jimbo: tume ipendekeze majina matatu, gavana ateue mmoja, kisha akishakaa kazini angalau mwaka mmoja, wananchi waulizwe kama abaki. Ni maridhiano kati ya waliotaka jaji ateuliwe na waliotaka achaguliwe.

Alaska ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1959, ilikuja na mfumo wa jinsi hiyo ndani ya katiba yake. Wakili anayetaka ujaji huomba kwa Baraza la Mahakama, lenye mawakili watatu, raia watatu wasio mawakili, na Jaji Mkuu. Baraza hupeleka majina mawili au zaidi, na gavana hana ruhusa ya kuchagua nje ya orodha. Jaji wa mahakama ya juu ya kesi za mwanzo hukutana na wapiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kupita zaidi ya miaka mitatu kazini, halafu kila baada ya miaka 6, mpaka astaafu akiwa na miaka 70. Kabla ya kila kura, Baraza huwahoji mawakili, polisi, wafanyakazi wa mahakama, hata raia waliokaa kwenye jopo la kuamua kesi zake, kisha hutangaza kama linashauri abakishwe.

Wengi hupita bila jasho, na sidhani ni kwa sababu wote ni hodari. Raia wa kawaida hamjui jaji hadi apelekwe mbele yake.

Michael Corey, jaji wa jiji la Anchorage huko Alaska aliyeteuliwa mwaka 2014, alijulikana ghafla. Septemba 2018 alikubali makubaliano ya kukiri kosa katika kesi ya mwanamume aliyemkaba mwanamke hadi akazimia, kisha akamfanyia kitendo cha aibu ambacho sheria ya Alaska wakati ule haikukihesabu kama kosa la kingono. Adhabu ilikuwa miaka miwili, mmoja ukiwa umesitishwa, na mwaka uliobaki ukafidiwa na muda aliokaa nyumbani akifuatiliwa kwa kifaa cha elektroniki. Akatoka mahakamani akiwa huru.

Watu walichemka. Makubaliano yaliletwa na mwendesha mashtaka, na pengo lilikuwa la sheria, lakini jina lililokuwa kwenye karatasi ya kura Novemba ile lilikuwa la Corey. Maadili ya kazi yalimbana asijitetee kama mwanasiasa anavyofanya. Baraza lilikuwa limeshauri abakishwe. Wapiga kura wakasema Hapana.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa kura hii: inamwondoa jaji mvivu na mla rushwa kwa mlango uleule inaomtolea jaji aliyefuata sheria mbovu. Illinois imeenda mbali zaidi, kwani jaji huko anahitaji Ndiyo asilimia 60. Mwaka 2020 Thomas Kilbride, jaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, alipata zaidi ya nusu ya kura na bado akaondoka.

Huko Alaska, wabunge waliziba pengo la sheria mwaka 2019. Kiti cha Corey nacho kilijazwa kwa njia ileile: Baraza likachuja waombaji, gavana akateua kutoka kwenye orodha.